Lango Lililowapeleka Kondoo Wangu kwa Shemeji

Wajukuu wangu wamesikia redioni kwamba huko ng'ambo kondoo wanachungwa na roboti. Wakanijia wakicheka: "Bibi, wewe ungezimia!" Nikawaambia mimi niliiona mashine ya kondoo kabla wao hawajazaliwa, na ilimsaidia shemeji yangu kuniibia mchana kweupe.

Ilikuwa mwaka uliofuata ile mvua ya El Nino, mto Tana ulipotapika mpaka ng'ombe wakafia juu ya vichuguu. Mume wangu alikuwa keshakufa. Nilibaki na kondoo kumi na mmoja, wangu mimi, uzao wa kondoo alionipa mama yangu siku niliyoolewa. Kila mmoja alikuwa na alama ya ukoo wetu: ncha ya sikio la kushoto imekatwa, na mpasuko mmoja nyuma. Kwetu sikio ndiyo hati. Niliishia darasa la pili, lakini sikio la kondoo nalisoma toka mbali.

Mradi mmoja ukaja karibu na Garsen kujaribu mashine yao. Vyuma vimebanana kama kichochoro, kondoo wanapita mmoja mmoja, na mwishoni kuna lango linalojisukuma lenyewe kwa nguvu ya betri. Kila kondoo alitiwa kifungo cha plastiki sikio la kulia. Mashine inakisoma kile kifungo, inajua mwenye kondoo ni nani, inamtupa kulia au kushoto. Hakuna mkono wa mtu. Watu walikaa pale wakitazama kama sinema.

Siku ya kutia vifungo nilikuwa Hola, binti yangu amejifungua. Shemeji, mdogo wa marehemu, akasimamia kondoo wangu. Akawaandikisha kwa jina lake. Tena akamwambia mtaalamu wa mradi kwamba masikio yao ya kushoto yana vidonda, yapunguzwe. Niliporudi nilikuta masikio mafupi kama kidole gumba.

"Ni amri ya daktari wa mifugo, shemeji," akasema.

Nikamwamini. Hilo mpaka leo linaniuma kuliko wizi wenyewe.

Siku ya kupitisha kondoo, mtaalamu alitaka waje alfajiri, kabla ya kukamuliwa. Wakapita. Lango likagonga kushoto, likagonga kushoto, wangu wote wakaingia zizi la shemeji. Nikapiga kelele. Mtaalamu, mtu mpole wa Nairobi, akatazama kisanduku chake kinachoonyesha majina ya wenye kondoo.

"Mama, mashine inasema ni wa mzee huyu."

"Mashine imezaliwa lini hata imjue kondoo wa mama yangu?"

Shemeji akacheka mbele ya watu. "Nenda kapike, shemeji. Hii haihongwi kwa machozi."

Sikulia. Nilirudi nyumbani, nikaketi kwenye kibanda cha vitoto vya kondoo, nikawaza namna ya kumvua nguo mtu huyu hadharani. Vitoto saba vilikuwa vinalia njaa, mama zao wamefungiwa kwake. Ndipo nikacheka na mimi. Vitoto havikutiwa vifungo, masikio yao yalikuwa bado laini. Na shemeji alikuwa amevisahau kabisa, maana kwetu kukamua kondoo na kufungia vitoto ni kazi yetu wanawake. Mwanamume haingizi hata kichwa mle. Yeye anawajua kondoo wakiwa malishoni tu. Nikavipa maziwa ya ng'ombe wa jirani, kidogo, ili vibaki na njaa.

Kesho yake asubuhi nikawaita wazee, mtaalamu, na kijiji kizima. Sikutaka mtu akose.

"Shemeji, hawa ni wako?"

"Wangu. Uliza mashine."

"Wenye kunyonyesha ni wangapi?"

Akatazama zizi kama anaulizwa hesabu za shule. "Watano. Sita."

"Na vitoto viko wapi?"

"Vilikufa."

"Vyote?"

"Vyote. Baridi."

Wanawake wenzangu wakatokeza nyuma ya nyumba, kila mmoja amebeba kitoto kifuani. Wakaviachia ndani ya zizi. Zikapaa kelele, mama wanaita, watoto wanaitika, kila kimoja kikakimbilia kiwele chake. Kimoja kilikosea, kikapigwa kwato. Kondoo hamnyonyeshi mtoto asiye wake, na kulijua hilo hakuhitaji betri. Mwanamke mmoja akapaza sauti: "Heee! Jamani, maiti wananyonya!" Wazee wenyewe walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtaalamu akafunga kisanduku chake polepole.

Lakini kitoto kimoja kiliendelea kuzunguka, kikimnusa huyu, kikifukuzwa na yule. Mama yake, kondoo wangu mkubwa kuliko wote, hakuwamo.

"Yuko wapi?"

Shemeji akasema kwa sauti ya chini kwamba jana mchana alimpeleka kwa mchinjaji Garsen.

Wazee wakaamua anirudishie wote, na wawili wake juu kufidia yule aliyechinjwa, tena awaswage mwenyewe hadi zizini kwangu, katikati ya wanawake. Nilimfuata nyuma nikitembea taratibu, ili njia iwe ndefu.

Tulipofika, wakaleta kibuyu cha maziwa. Ndiyo desturi: mkosaji anakunywa, mkosewa anakunywa, ugomvi unakufa. Shemeji akapiga funda, akanipa kwa mikono miwili, macho chini.

"Nisamehe, mke wa kaka."

"Kunywa, mama, yaishe," wazee wakasema.

Nikakipokea. Nikachuchumaa, nikachovya vidole, nikakiita kile kitoto kisicho na mama. Kikanyonya vidole. Nikachovya tena, na tena, wazee wamesimama juani wakiningoja, mpaka kibuyu kikakauka. Nikakipindua wote waone, nikamrudishia shemeji.

Mzee mmoja akasema, "Astaghfirullah, mama, una moyo mgumu."

Nikamwambia ndiyo, ninao.