Penisimani Ajifunza Kula Peke Yake

Mkewe, Ane, alipofariki, watoto wao watatu walikuja kutoka Auckland kumzika, wakarudi zao. Penisimani akabaki kisiwani Lifuka, ndani ya nyumba ya vyumba vinne, na makopo ya nyama waliyomwachia.

Kiu ilimwanza taratibu. Akawa anamaliza birika zima la maji na bado koo kavu, akienda haja ndogo kila mara. Anakula, lakini nguo zinampwaya. Alidhani ni majonzi. Siku alipokanyaga msumari hakuhisi kitu, mpaka alipoona damu kwenye mkeka ndipo akaenda zahanati.

Nesi Losaline alimpima, akavuta kiti karibu.

"Baba, una kisukari."

"Mbona chai yangu naweka vijiko viwili tu?"

"Si vijiko peke yake. Magimbi, mkate, viazi, vyote vikisagwa tumboni vinakuwa sukari, inaingia kwenye damu. Kongosho linatoa insulini, hiyo ndiyo inayoifanya sukari itoke kwenye damu iingie mwilini, ikawe nguvu. Yako haitoshi, na hiyo kidogo mwili hauitikii vizuri. Damu imejaa sukari, mwili wenyewe unashinda njaa."

"Njaa," alisema mzee polepole, kama mtu aliyetajiwa jina lake.

Akaanza sindano za insulini. Akaacha pia karamu za kanisani, maana huko kukataa sahani ni kumkataa aliyeipakua.

"Umetuchoka, Peni?" rafiki yake Sefanaia alimuuliza njiani.

"Tumbo tu."

Jumapili moja alijichoma sindano asubuhi, akaandaa chakula, akakitazama kiti cha Ane, hamu ikamtoka. Akajilaza bila kula, akiisikiliza kwaya kwa mbali. Haikupita saa, jasho likamtiririka, mikono ikamtetemeka, akili ikawa ukungu. Kilichomuuma si kufa. Ni kwamba pengine watu wangekuja kumkuta Jumatano. Akatambaa hadi kabatini, akachota sukari kwa vidole, akaila. Moyo ukatulia kidogo kidogo.

"Ukikaa na njaa, ini linatoa akiba yake ya sukari," Losaline alimweleza kesho yake. "Ila insulini ikizidi, ini linalemewa. Sindano haijui kama umekula, baba."

"Sina wa kula naye."

Losaline alichukua bandeji. Akamfunga upya kidonda, akamwandikia saa za kula.

Kutoka hapo Penisimani alipita kwa Sefanaia, akamweleza yote.

"Mimi mwaka wa nne huu nameza vidonge vya kisukari," Sefanaia akasema. "Hata mama watoto hajui."

"Na nyama yote ile ya nguruwe unayokula karamuni?"

"Ningewaambiaje?"

Siku hizi Jumapili wanakula pamoja: samaki, mboga, kipande kimoja cha gimbi, na watu wakiwacheka wanawaacha wacheke. Siku sita zilizobaki Penisimani hula peke yake, kwa saa aliyoandikiwa, awe na hamu au asiwe nayo.