Buibui Niliyemuua Mweiga

Mimi buibui simwogopi hata kidogo. Miaka ya sabini nilikuwa karani wa stoo ya viazi Mweiga, na siku moja akina mama wa kuchagua viazi walikataa kuingia. Ati buibui mkubwa kama kiganja, yule huwinda mende usiku, amelala kwenye ukuta wa mbao zenye magome.

Niliingia peke yangu. Nikavua kofia, nikampiga nayo mara moja, nikaivaa tena. Nikatoka nimemshika mguu mmoja, ananing'inia.

“Ni huyu mlikuwa mnaogopa?”

Upepo ukampeperusha kama ganda la kitunguu. Alikuwa mtupu ndani. Nilikuwa nimeua ngozi aliyojivua!

“Sasa mwenyewe ako wapi?” nikauliza.

Mama Wangari, msimamizi wao, akarudi nyuma polepole.

“Karani, usiguse kofia.”