Njahi Mdomoni

Wangeci mke wa Gachanja ana tabia moja inayowashangaza wageni wa Gatongora. Mpelekee mtoto amwone. Hatasema amenona wala amekonda. Atamshika mguu, atabonyeza kidole gumba juu ya unyayo, ataondoa kidole na kusubiri. Nyama ikirudi mahali pake, atacheka kwa meno machache aliyobaki nayo na kumtemea mtoto mate ya baraka kifuani. Kina mama vijana waliokuja juzi humwona mwenda wazimu. Wacheke tu. Mwaka wa hamsini na saba hawakuwa ndani ya waya.

Waya huo ulizunguka kijiji kizima, na nje yake kulikuwa na handaki lililosimikwa vigingi vilivyochongwa. Serikali ya wakoloni ilisema ni kuwazuia wapiganaji wa msituni wasije kuchukua chakula. Kufikia mwaka ule msituni hakukuwa tena na mtu wa kuja popote, lakini waya ukabaki, lango likabaki moja, na mlinzi Githinji akabaki langoni na rungu lake na bunduki ya serikali. Gachanja alikuwa kizuizini. Walimchukua mkewe Wangeci akiwa bado na mimba ya Njambi, wakamwachia pia Bedan, kijana wake wa kwanza, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa kunyonya.

Shamba la Wangeci lilikuwa ng'ambo ya handaki, karibu sana. Akisimama mlangoni kwake aliziona njahi zake zikikauka kwenye maganda. Njahi ni zile kunde nyeusi zenye mstari mweupe, ambazo kwetu hupikiwa mwanamke aliyejifungua ili maziwa yashuke. Kabla ya homa, wanawake waliruhusiwa kutoka mchana kidogo, wakakimbia, wakachuma walichoweza, wakarudi kabla ya filimbi.

Homa yenyewe ilianzia kwenye kambi za vibarua wa kahawa upande wa Ruiru. Watu walikohoa, wakalala chini, wengine hawakuamka. Ilisemekana dunia nzima ilikuwa inakohoa mwaka huo. Amri ikatoka kwamba lango lifungwe na mtu asitoke hata kwenda shambani, asije akaleta ugonjwa kijijini. Wakawa wanagawiwa posho ya unga wa mahindi. Unga mtupu, siku nenda siku rudi. Na homa, ambayo haikujua kusoma amri, ikapita chini ya waya ikaingia.

Ilimlaza Wangeci hadi akasahau jina lake. Alipoinuka, matiti yake yalikuwa yamelegea kama mifuko iliyomwagwa. Kidogo kilichotoka alimpa Njambi. Bedan alipewa uji wa posho asubuhi na uji wa posho jioni, mwepesi, wa kumdanganya tumbo.

Halafu Bedan akanona. Hivyo ndivyo walivyosema majirani. Mashavu yakajaa, miguu ikawa minene na kung'aa, nywele zikawa laini na nyekundu kama za mtoto wa mzungu. Wangeci mwenyewe alifurahi, na hilo ndilo linalomkata maini mpaka leo. Alimwosha, akamweka juani mbele ya nyumba watu wamwone. Ni kweli mtoto alikuwa amenuna, hachezi, hataki kuguswa, uji akiusukuma kando. Lakini nani angeuliza kwa nini mtoto aliyeshiba anakataa uji?

Sifa zikatembea hadi langoni. Githinji akaja asubuhi moja na askari wawili nyuma yake. Githinji huyu alitahiriwa pamoja na Gachanja, kisu kimoja, siku moja. Alipotaka kuwa serikali aliacha Kikuyu na kusema Kiswahili cha askari.

"Hii mtoto nakula nini?" aliuliza.

"Posho, baba. Ile ile mnatupa."

"Posho! Watoto yote ya kijiji nakonda, yako nanona. Wewe natoka nje kwa wale watu. Nawapelekea chakula, nao nakupa nyama. Sema!"

Hakusubiri aseme. Alimpiga rungu la bega, Njambi akiwa mgongoni, na Wangeci alipogeuka ili mtoto asipigwe, rungu la pili likampata mdomoni. Askari waliingia nyumbani wakavunja chungu, wakachimbua sakafu, wakachoma singe kwenye nyasi za paa wakitafuta nyama. Nje, jirani alipokwisha kumpokea Njambi, walimburuta mama huyo kwenye vumbi na kumpiga teke la mbavu kila alipotaka kuinuka. Kijiji kizima kilikuja kutazama, maana kutotazama nako kulikuwa kosa.

Githinji akamnyakua Bedan kwa mguu, akamwinua kichwa chini kama kuku wa kuuzwa.

"Tazameni! Tazameni mafuta ya hii mtoto!"

Mtoto hakulia. Githinji alipochoka kumwonyesha, alimwangusha. Na pale alipomshika, alama za vidole vyake zikabaki kwenye mguu, mashimo manne na la gumba, ya kina, kama mtu aliyeshika udongo wa kufinyanga. Watu walingoja mashimo yajae. Hayakujaa.

Alikuwako ajuza mmoja aitwaye Mumbi, ambaye watu wote walimwita cucu, yaani nyanya. Alikuwa ameiona njaa ile kubwa baada ya vita vya kwanza vya Wajerumani, ambayo nayo ilikuja ikiongozana na homa. Alijisukuma katikati ya watu, akapiga goti, akabonyeza gumba lake kwenye mguu wa pili. Shimo jingine.

"Ngai! Kijana, haya si mafuta," alisema. "Ni maji. Huyu mtoto anakufa na njaa. Fungua lango mamake achume njahi."

Githinji aliona. Hilo ndilo la kumchukia nalo hadi kaburini: aliona, macho yake yakakaa kwenye yale mashimo, na midomo ikamcheza. Kisha akamzaba yule ajuza kofi lililomlaza chali, akasema, "Amri ni amri," na akarudi langoni akipangusa mkono kwenye kaptula.

Wangeci hakulala kitandani kujiuguza. Alimkabidhi Mumbi watoto wote wawili, akaenda upande ambao mbwa walikuwa wamechimba chini ya waya, akapita kwa tumbo mchana kweupe. Handakini kigingi kiliingia kwenye shavu la mguu, akakichomoa. Alipofika shambani alianza kupasua maganda makavu kwa vidole, na hakuwa amepata nyingi aliposikia filimbi. Wangempekua, hilo alilijua. Wangefungua leso, wangevua nguo, wasingeacha kitu. Kwa hiyo alizitia njahi mdomoni, zote, akazisukuma mashavuni kwa ulimi juu ya meno yaliyovunjika asubuhi.

Walimkamata akitoka handakini. Wakampekua, wasipate kitu, na kwa sababu hawakupata kitu Githinji akapandwa na mori.

"Wewe napelekea nani chakula? Sema!"

Wangeci alimtazama.

"Lia basi! Lia, nisikie!"

Hakulia. Rungu lilivunja kidole, likapasua nyusi, likarudi kwenye mbavu zile zile. Wanawake walipiga kelele kwa niaba yake. Walidhani ni ukaidi, wengine wakamsihi, "Lia tu, mama Bedan, atakuua!" Damu ilijaa kinywani, naye akaimeza. Damu aliimeza yote, njahi hakumeza hata moja. Mwishowe mkono wa Githinji ulichoka kabla ya mdomo wa Wangeci kufunguka, akamsukuma kwa buti na kumwambia aondoke.

Alifika nyumbani kwa magoti. Pale mlangoni alitema njahi kwenye kiganja cha Mumbi, nyeusi na nyekundu, pamoja na jino. Mumbi alizipokea. Alizisuuza, akaazima chungu cha jirani, akang'oa fito za nyumba yake mwenyewe kuwa kuni.

Lakini njahi ni ngumu. Yeyote aliyewahi kuzipika anajua: hutaka moto na subira, ukiharakisha utatafuna mawe. Wangeci alikaa jikoni na Bedan mapajani, akimpepea nzi. Maji yakachemka. Akatoa moja, akaifinya: bado. Akamwimbia mtoto kwa pua, kwa kuwa midomo ilikuwa imevimba. Mumbi akaongeza fito. Akatoa nyingine: bado. Bedan akapumua kwa haraka kidogo, kisha polepole, kisha mama akamwekea sikio kifuani na kukaa hivyo muda mrefu. Chungu kilikuwa bado kinatokota.

Zilipoiva, Bedan alikuwa amefunikwa leso ya mamake. Mumbi alizipakua zote kwenye kibuyu, akamwekea Wangeci mbele.

"Kula."

"Siwezi, cucu. Ni za Bedan hizi."

"Zilikuwa za Bedan. Sasa ni za Njambi, na Njambi hana meno. Kula umpe."

Basi akala. Alikula kwa upande wa kinywa uliobaki, moja moja, huku Mumbi akimtazama hadi kibuyu kikawa kitupu. Kisha ajuza akamfungua Njambi mgongoni mwake, akamweka kwenye titi la mamake.

Hapo ndipo Wangeci alipofungua mdomo na kulia, kile kilio alichokitaka Githinji, kikasikika hadi langoni. Njambi hakushtuka. Alikuwa ananyonya.