“Alimshikia Mwenzake”: Dobi Mpekuzi na Mifuko ya Watoto wa Watu

Mifuko kwanza, maji baadaye. Dobi anaokota suruali ya shule kutoka kwenye rundo lililo sakafuni, anatia vidole mfukoni, anaupindua mfuko nje na kuukung’uta, kisha anahamia wa pili. Peni isiyo na kifuniko. Ganda la pipi. Kipande cha chaki. Vyote anavitupia kwenye kopo la bati lililo dirishani, na suruali inakwenda kwenye beseni.

Ni Jumamosi asubuhi, na ua wa nyuma ya kibanda chake cha kufulia umeshajaa shuka za watu kwenye kamba. Mbele, kibarazani, mke wake anashona kwa cherehani na kupokea mizigo ya wateja. Huku nyuma kuna karo mbili za saruji za kufulia, meza ya pasi, na bomba linalovuja ambalo fundi wake yuko njiani anakuja tangu mwaka juzi.

Wateja wanamwita Mpekuzi, na si kwa mapenzi. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, viganja vimechakaa kwa sabuni, na ana hasira za mtu aliyesema jambo moja kwa watu wengi asisikilizwe na hata mmoja.

“Kazi yangu ni kutoa uchafu,” anasema. “Sasa uchafu nikiuona ninyamaze?”

Kupekua hakukuanza kwa umbea. Peni moja iliyosahaulika huharibu beseni zima la mashati meupe, na aliyemfundisha kazi alikuwa akimpiga kofi la kisogoni kwa kila peni iliyomponyoka. Lakini miaka ilivyokwenda, katikati ya peni na maganda ya pipi vikaanza kutoka vitu vingine: vichupa vya pombe kali visivyozidi kidole gumba, karatasi za kusokotea, majani ya bangi yaliyonasa kwenye mshono, vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha nailoni. Na nguo zenyewe ni sare za shule.

Mwanzoni alivitupa akafunga mdomo. Baadaye, kwa kuwa na yeye ni mzazi, akaona haifai. Akawa anamvuta mzazi pembeni, anamwonyesha alichokikuta, anamwambia taratibu. Hapo ndipo alipojitia kitanzi, maana karibu kila mzazi alimtazama kama aliyemtukania ukoo.

Kinachomkera hasa ni jibu. Hawaulizi ni kitu gani, hawaulizi kimeanza lini. Wanajibu neno moja wote, utadhani waliitisha kikao wakakubaliana: alimshikia mwenzake.

“Huyo mwenzake nimemtafuta sana,” anasema, akilikamua shati kama ndiye huyo mwenzake mwenyewe. “Anakunywa, anavuta, anameza vidonge, na hana mfuko hata mmoja wa kuwekea vitu vyake. Watoto wa mji mzima wanamshikia yeye.”

Baba mmoja alicheka, akasema huo ni ujana, utapita. Kijana wake huyo ndiye aliyekuwa akitumwa kila jioni dukani kumletea baba bia mbili za baridi. Mama mwingine alikwenda moja kwa moja nyumbani akamchapa mtoto, na wiki iliyofuata nguo zikapelekwa kwa dobi mwingine. Mpekuzi anaamini mtoto alitoka na funzo moja tu, nalo ni kumwaga mifuko kabla nguo hazijatoka nyumbani.

“Wazazi ninaowapata ni wa aina mbili, anayecheka na anayepiga,” anasema. “Wa kuuliza, bado.”

Kwa mtindo huo amepoteza karibu theluthi moja ya wateja. Mke wake hafichi kwamba jambo hilo limemchosha. Amemwambia mara nyingi kuwa watu wanamlipa awafulie, hawamlipi awalelee.

Lakini mzee alikuwa na jeuri yake. Binti yake wa pekee, aliyefikisha miaka kumi na sita, alikuwa akifua nguo zake mwenyewe tangu angali mdogo. Mwaka huo hata sweta la shule lilikuwa linafuliwa kila jioni bila mtu kumsukuma, linaning’inia kwenye kamba ya mwisho likinukia maua. Dobi aliwasimulia wateja kwa madaha. Wangu, alisema, hajui hata dobi ni nani.

Kikulacho ki nguoni mwako, alizoea kuwahubiria wenziwe. Haikumjia akilini kwamba nguo pekee ambazo vidole vyake havikuwahi kuzipekua ni zile zilizoanikwa uani kwake.

Basi siku moja akaja mama mmoja ambaye pale kibandani wanamwita Mama Gari Jeupe. Kwenye sketi ya binti yake kilikuwa kimetoka kichupa, nusu kimenywewa. Yule mama akatoa jibu la siku zote. Dobi siku hiyo alikuwa amechoka, akamuuliza mbele ya wateja kama huyo mwenzake ana jina au ni jini. Mama Gari Jeupe alizikusanya nguo zake zikiwa bado zinachuruzika maji, akaondoka.

Mvua zikaanza. Sweta la binti halikukauka, na baba, akitaka kumfurahisha, akalichukua kimyakimya alikaushe kwa pasi.

Mtu aliyezoea kazi hii atakwambia kwamba pasi haitunzi siri. Mvuke wa kwanza ulipanda na manukato ya maua, mengi kuliko dobi yeyote mwenye akili anavyoweka. Wa pili ukapanda na kilichokuwa chini yake: harufu kali ya pombe na matapishi, ile ambayo kwa miaka mingi ameinusa kwenye kola za watu wazima. Alisimama palepale bila kuinua pasi mpaka mkono wa sweta ukaanza kuungua.

Mke wake alifuata moshi. Akalinusa sweta, akamtazama mumewe. Na neno la kwanza lililomtoka Mpekuzi, mbele ya Mungu na mkewe, lilikuwa kwamba labda alimwazima mwenzake.

“Nilicheka,” anakumbuka mke wake, bila kucheka. “Nilicheka, halafu nikakaa chini nikalia.”

Usafi ule wa kila jioni waliokuwa wakiusifu ulikuwa wa kuficha harufu. Nyani haoni kundule, na dobi huyu alilianika la kwake kwenye kamba kila jioni akalipigia na makofi.

Alichofanya baada ya hapo ni kilekile alichowalaumu wengine. Alifoka mpaka majirani wakazima redio wamsikilize vizuri. Akamnyang’anya binti simu, akamfungia kutoka isipokuwa kwenda shule. Binti akawa bubu. Haukupita muda mama yake akambaini tena, safari hii mdomo unanuka dawa ya meno saa za mchana na mkobani mna chupa tupu ya dawa ya kikohozi.

Mke ndiye aliyewaburura wote wawili mpaka kituo cha afya, kwa nesi anayeshauri vijana. Dobi alitegemea nesi atamsema binti. Nesi akamwomba binti asubiri nje, akabaki na baba. Alimwambia kwamba kelele zake zimemfundisha mtoto kujificha vizuri zaidi, basi. Akamuuliza kama amewahi hata siku moja, wakati hakuna aliyekasirika, kukaa na binti yake na kumwambia wazi kwamba pombe hataki, na kwa nini hataki.

“Nilidhani anajua,” anasema dobi. “Mtoto wa nyumba hii si anajua sabuni hailiwi? Nikadhani na hilo analijua.”

Nesi akamuuliza majina ya marafiki wa binti. Alijua moja, la utani, na alilikosea. Akamuuliza na kuhusu bia yake ya jioni, ile anayoshushia uchovu mbele ya mtoto huku akimwambia mtoto pombe ni mbaya. Hapo alitaka kukasirika, anasema, ila hakupata pa kuanzia. Akatoka ameahidi kwamba mpaka binti amalize shule, yeye naye hatakunywa.

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, aliuliza bila kupaza sauti: tangu lini, wapi, na nani. Ilichukua muda, chai ikapoa, lakini binti akasema. Haikuwa kwenye kona ya wavuta bangi ambayo baba amekuwa akiilaani kila apitapo. Ilikuwa kwenye nyumba nzuri yenye mapazia, saa za alasiri, ambapo wazazi wako kazini na kabati la vinywaji halina kufuli. Nyumba yenyewe ni ya Mama Gari Jeupe.

“Na kile kichupa cha kwenye sketi kilikuwa changu, baba,” binti alisema. “Binti yake alinishikia.”

Miaka yote hiyo, mara moja tu neno lile lilikuwa la kweli. Na huyo mwenzake aliyesakwa mji mzima alikuwa anakula meza moja na Mpekuzi.

Siku ya pili alikwenda kugonga mlango wa Mama Gari Jeupe aombe radhi. Yule mama anakiri alitaka kumfungia mlango. “Nikajiuliza, nikimfukuza huyu, nani mwingine ataniambia?” anasema. Akamkaribisha, wakaongea, na mara mbili walikaribia kugombana, kwa sababu kila mmoja aliona mtoto wa mwenzake ndiye mharibifu.

Mwishowe walikubaliana mambo ya kawaida kabisa, yale ambayo kila mzazi anadhani anayafanya. Kabati likamwagwa. Binti akisema anakwenda kwa rafiki yake, mzazi anapiga simu kwa mzazi kuuliza kama kuna mtu mzima nyumbani. Binti wa dobi akarudishiwa simu yake, na mabinti wote wawili wakaambiwa maneno yaleyale: popote ulipo, mambo yakiharibika piga simu, tutakuja kukuchukua, maswali kesho.

Binti wa dobi ameshaipiga simu hiyo mara moja, kutoka kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtu fulani. Dobi alikwenda na kandambili. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, na anaapa kwamba kufua mablanketi ya hospitali nzima kungekuwa rahisi zaidi.

Ndipo zikaja hizi Jumamosi, baba na binti kwenye karo moja. Anasema ukimkalisha mtoto kitini ukamkazia macho, hiyo ni mahakama, na mahakamani kila mtu anajitetea. Mikono ikiwa majini, wote mnatazama povu. Sheria ni kwamba mifuko yote ya nyumba hii inapinduliwa, ya mkubwa na ya mdogo. Anayekuta kitu anasema “haya, sema”, na hakuna kufoka mpaka nguo zisuuzwe.

Je, binti ameacha? Swali hilo linamrudisha mzee kwenye hasira zake.

“Usiandike kwamba amepona,” anasema. “Mwezi uliopita kanidanganya tena, na nikiongea anageuza macho. Andika kwamba tunafua.”

Tumaini lake halina makuu. Anataka ifike siku ambayo mdomo utautangulia mfuko, mtu aseme mwenyewe kabla hajapekuliwa. Kuhusu wateja, ameshakata tamaa. Leo asubuhi tu mmoja amemwambia alimshikia mwenzake.

Binti anatokea uani, mrefu, mikono ya blauzi imekunjwa, kisikizi kimoja cha simu sikioni. Anavuta rundo la nguo za nyumbani. Sweta lake analipindua mwenyewe, halina kitu. Gauni la mama lina kipande cha uzi. Anachukua suruali ya baba, anaingiza vidole, na kinachotoka ni kizibo cha bia.

Kule kibarazani cherehani inanyamaza. Dobi anakitazama kizibo, anakohoa.

“Hicho bwana,” anaanza, “jana nilikuwa na mwenzangu mmoja hivi, sasa yeye…”

Sentensi inamkwamia. Amelisikia neno lenyewe.

“Haya, baba, sema,” anasema binti, macho kwenye povu.

Dobi anafuta mikono kwenye suruali aliyovaa, ingawa muda si mrefu mikono itarudi majini.

“Ni changu,” anasema. “Nilikunywa moja. Nilikuahidi, na nilikunywa.”

Binti anakitupia kizibo kwenye kopo la dirishani, juu ya peni na maganda ya pipi. Kisha anamsogezea baba yake beseni la maji safi.

“Tusuuze kwanza,” anasema.