Beseni Lisilofika Dirishani

Mke wangu alipofariki, mwanangu anayeishi Dar es Salaam aliniletea treni ya kuchezea, ya mtumba, ndani ya boksi la viatu: injini moja, mabehewa mawili na vipande vya reli vya kupachika. "Baba, ujishughulishe," akasema. Alikaa siku tatu, akarudi kazini kwake. Tukabaki mimi, nyumba ya Ipuli, hapa Tabora, na boksi.

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa seremala wa mabehewa katika karakana ya Tabora. Ukimpa mtu wa aina yangu kitu chenye reli, atakipima kwanza ndipo akushukuru. Nikachukua rula ya chuma nikapima nafasi kati ya reli mbili: milimita kumi na sita na nusu. Reli yetu hii ya zamani, inayopita Tabora kwenda Kigoma na Mwanza, ina upana wa mita moja. Nikagawa, ikaja sitini na ushei. Basi, nikasema, kipimo changu ni moja kwa sitini, na kila kitu cha kweli nitakigawa hivyo. Ile injini ya Ulaya ilikuwa ndogo mno kwa hesabu hiyo, nikairudisha kwenye boksi.

Sikujua kwamba kwa hesabu hiyo moja nilikuwa nimejifungia nje. Mwanangu aliniunga kwenye kundi la WhatsApp la watu wa treni ndogo, wa Dar, Arusha na Nairobi. Kumbe wote wanatumia moja kwa themanini na saba. Kila mmoja hujenga kipande chake cha njia, na wanapokutana huviunganisha, treni ya huyu ikapita kwa yule. Nikatuma picha ya behewa langu la kwanza la daraja la tatu, bodi ya mbao nyembamba na paa la kopo la mafuta ya kula. Walisifu sana. Kisha mmoja akaandika: "Kazi safi mzee, ila kipimo hicho hakuna mwenye nacho. Hamia kwetu. Mchagua jembe si mkulima."

Nilinuna kutwa nzima, kwa sababu alisema kweli. Reli zilitoshana, lakini mabehewa yangu makubwa yangegonga majukwaa yao, na treni zao ndogo zingeonekana kwangu kama za watoto. Nilikuwa na njaa ya watu, sitaki kuficha. Kuna wiki nilizozungumza na muuza mkaa tu. Lakini kwa kipimo chao mke wangu angekuwa na urefu wa milimita ishirini, na kisu changu hakiwezi kuchonga uso mdogo hivyo. Mimi nilichotaka ni uso. Nikabaki na sitini yangu, nao baada ya muda wakaacha kunishawishi.

Nilikuwa nikijenga stesheni ya Bukene. Ujanani nilisafiri na treni ya Mwanza, natengeneza madirisha na milango iliyokwama njiani. Pale Bukene akina mama walikuja chini ya madirisha na vyakula vyao, na mmoja, msichana mwenye shingo ndefu, aliuza matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Wenzake walishusha mabeseni wakayanyanyua kwa mikono. Yeye hakushusha. Alisimama nalo kichwani, anatazama mbele kama askari wa zamu, na ukingo wa beseni ukaja sawasawa na ukingo wa dirisha. Nilinyoosha mkono tu, nikachukua. Sikuinama, naye hakunyanyua. Siku ile nilijiambia kwamba huyu ameumbwa kwa kipimo cha dirisha langu, na kabla mwaka haujaisha nikapeleka posa.

Hicho ndicho nilichokitaka juu ya meza yangu: behewa lisimame, na beseni lije sawasawa na dirisha. Zaidi ya hapo sikuwa na haja na treni.

Urefu wake niliujua vizuri, kwa sababu jeneza lake nililitengeneza mwenyewe. Nikagawa kwa sitini, nikamchonga kwa kipande cha mninga, beseni kichwani, na kanga mpaka kwenye vifundo, na nyayo mbili chini yake. Kazi ya wiki sita. Uso ukakubali. Nikamsimamisha kwenye jukwaa la stesheni, nikasukuma behewa hadi mbele yake. Beseni likapita juu ya ukingo wa dirisha, milimita nne nzima, likaziba uso wa abiria.

Nikapima behewa. Behewa lilikuwa sahihi. Madirisha yale nimeyatengeneza kwa mamia. Nikapima jukwaa, likawa sawa na nililolijua. Basi aliyebaki na kosa ni yeye. Nikajiambia labda siku ile ya jeneza nilipima vibaya, macho yakiwa yamejaa. Nikambana kwenye jiliwa, nikachukua msumeno mdogo, nikakata nyayo zake pamoja na upindo wa kanga. Nikapiga msasa. Beseni likaja sawasawa na dirisha, nami nikafurahi kama mjinga.

Nilifurahi mpaka niliposafiri kwenda Bukene. Nilitaka kuona rangi ya kuta za stesheni, basi. Treni iliposimama nilikuwa dirishani, na mama mmoja akaja na beseni la karanga kichwani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hebu sogea hapa, karibu kabisa."

Akasogea, huku anacheka. "Babu, unanunua au unanipima?"

"Vyote viwili," nikamwambia.

Ukingo wa beseni lake ulikuja sawasawa na ukingo wa dirisha langu. Naye alikuwa mwanamke mrefu, mrefu kama wangu. Nikachungulia miguu yake. Jukwaa la Bukene ni la chini, tofali mbili tatu tu kutoka ardhini. Mimi nilikuwa nimejenga jukwaa la Tabora, lile nililolipita kila siku kwa miaka yote ya kazi. Fundi wa karakana ya Tabora hudhani kila stesheni ni Tabora. Nililitilia shaka jeneza nililolipima kwa mikono yangu, lakini jukwaa langu sikulitilia shaka hata kidogo.

Nikanunua karanga, nikateremka, nikakaa kwenye benchi la stesheni mpaka treni ikaondoka. Majuto ni mjukuu. Hapo nikakumbuka kwamba tulipooana nilimkataza kuuza. Mke wa fundi wa reli hasimami chini ya dirisha, nilisema, nikaona nimesema jambo la heshima. Hakubisha. Lakini kila honi ya treni ya Mwanza iliposikika Ipuli aliacha alichokuwa anafanya, akasimama, kisha akakaa tena. Miaka yote ile sikumuuliza kwa nini anasimama.

Niliporudi nilibomoa jukwaa, nikajenga la Bukene. Nikamsimamisha. Sasa beseni halikufika, milimita nne chini ya dirisha. Ningeweza kuchonga mwingine, mninga upo tele. Ila nilihisi itakuwa kama kuoa tena ili nisimwombe radhi wa kwanza. Mguu wa mti ukishakatwa hauoti.

Nikamwacha hivyo alivyo, nikageukia behewa. Abiria wangu wote walikuwa wamekaa wima. Nikachonga mmoja mpya, mwanamume mwenye shati la kaki na mkanda wa kutundikia nyundo, kama nilivyokuwa mimi ujanani, nikamtoa kifua chote nje ya dirisha, mkono mmoja chini. Ilinichukua mwezi, maana mara mbili mgongo wake ulikataa kupinda, ukavunjika. Hakukuwa na mtu wa kumwita aje aone. Nikasukuma behewa kwa kidole, polepole, mpaka mbele ya mke wangu. Mkono ukafika kwenye beseni.