Shela Lililorudi na Unga

Harufu ya mfenesi uliopasuliwa naijua kabla sijaliona gogo. Ni tamu kidogo, ina ubichi wake, na unga wake wa manjano hung'ang'ania nguo hata ukifua mara mbili. Mtaani kwetu Kikwajuni, miaka ya hamsini, maghorofa ya Michenzani hayajaota bado, nyuma ya nyumba yetu palikuwa na shimo la kupasulia mbao. Gogo lililazwa juu ya shimo, mtu mmoja akasimama juu yake, mwenzake akaingia chini, wakavutana msumeno mrefu tangu asubuhi mpaka alasiri. Wa juu alikuwa Mzee Makame Ngwali, mtu wa Makunduchi, bingwa wa maneno. Wa chini alikuwa baba yangu, Vuai Haji, na unga wote ulimwangukia yeye machoni.

Kila jioni mama yangu, Bi Mwanajuma, alimwosha macho kwa maji ya uvuguvugu huku akinung'unika. Mwisho alilikata shela lake jeusi, jepesi, akalitia kamba mbili za kufungia kisogoni. Ukilivaa unaona, na unga haupiti. Akanipa nilipeleke pamoja na muhogo wa mchana. Baba alilifunga bila ubishi. Mzee Makame akaegemea msumeno, akachungulia shimoni, akasema taratibu, "Bi harusi katoka ndani. Kungwi wake nani?" Waliokuwapo wakacheka, na baba akacheka kuwashinda. Kisha akalifungua. "Mrudishie mama yako, mwanangu. Mwambie nimevaa."

Basi nikawa mwongo nina miaka minane. Kila siku nililipeleka shela, kila siku nikalirudisha, na kabla ya kuondoka shimoni nililipaka unga wa mbao ili mama aamini; baba naye alinawa uso kabla hajaingia ndani. Hilo la unga sikufunzwa na mtu, nilibuni mwenyewe, na ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mama alilifua, akalianika, akamshukuru Mungu. Siku moja walipasua gogo kavu, kibanzi kikaruka kikamwingia baba jicho la kulia. Akalifikicha kwa mkono wenye unga, akaendelea kuvuta, maana gogo halijesha. Jicho likavimba, likawa jeupe, likazima. Waliokuja kumpa pole walisema ajali haina kinga. Nami nimekaa mlangoni, kinga nimeikunja mkononi, namsikiliza mmoja mmoja. Shela lile baba alikuja kulivaa, kipande tu, kufunika jicho lililokufa, na hakuna aliyemwita bi harusi.

Sasa mjukuu wangu Khamis ana msumeno wa mashine, ule wa kunguruma, unaomaliza kwa dakika kazi ya baba ya siku nzima. Utaumaliza na mguu vilevile. Yeye anakata miti na kandambili. Buti, glavu, kofia ngumu na miwani vimo guniani, vipya, vinanuka duka. Nikimuuliza ananambia joto, bibi, tena wenzangu watanicheka. Miaka yote hii, na kicheko ni kilekile. Leo asubuhi kaja kuukatakata mfenesi wangu ulioangushwa na upepo uani. Nimekwenda kukaa juu ya gogo, gunia lake magotini. Kanibembeleza, kanuna, kanambia namchelewesha.

"Nnakaa hapa mpaka uvae," nimemwambia. "Na mama yako akiniuliza, mara hii nitasema kweli."