Karatasi ya Miwani ya Anyosisye

Anyosisye ni mke wa mwanangu Lugano. Aliolewa hapa kwetu Suma miaka kumi na moja iliyopita, akaja na sanduku moja na miwani nene kama kitako cha chupa. Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana nilimwona anavyochuma chai. Mikono yake ilikuwa inajua kazi.

Kwetu mkwe hamtazami baba mkwe. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka mzee apite. Vijana wa Tukuyu mjini wameacha hayo. Nyumbani kwangu hayajaachwa. Anyosisye aliyashika kuliko wote, ila kumkwepa mtu ni mpaka umwone kwanza.

Mwaka jana mwezi wa nne, mvua na ukungu, miwani ikajaa maji. Akaivua aipanguse huku anatembea, akamgonga mume wangu, mzee Nsajigwa, kifua kwa kifua. Siku tatu mzee hakugusa chakula alichopika mkwe. Kila asubuhi Anyosisye ananiuliza, "Mama, nirudi kwetu?"

"Ukafanye nini huko? Nyamaza."

Nilikuwa nimesikia mwalimu Doreen wa shule yetu anavaa lenzi za kuweka ndani ya jicho, mvua haizisumbui. Nikachukua karatasi ya miwani ya Anyosisye, iliyoandikwa namba ya macho yake, saba, nikapanda Tukuyu kwenye duka la vipodozi wanakoziuza. Muuzaji akauliza kama mwenyewe amepimwa kwa ajili ya lenzi. Nikamwekea karatasi mbele.

"Shule nimeishia la tatu, lakini saba naijua. Macho ni yale yale, namba itabadilikaje?"

Akanipa za saba.

Siku ya kwanza Anyosisye alisimama uani akitazama majani ya mparachichi, moja moja, anacheka peke yake. Siku ya nne macho mekundu. Nikamuuliza, akasema ni moshi wa jikoni. Alivumilia siku tisa, kwa sababu lenzi nilimpa mimi, na mimi sikatazwi wala sikataliwi. Siku ya kumi jicho la kulia halikufunguka.

Hospitali tulimkuta daktari wa macho, kijana anaitwa Godwin. Alizitoa lenzi kwa shida. Nikampa ile karatasi.

"Bibi, hiki ni kipimo cha miwani."

"Kwani alibadilisha macho njiani?"

Hakucheka. Akaishika miwani ya Anyosisye mbele ya uso wake mwenyewe. "Kioo kinakaa hapa, kuna nafasi mpaka kwenye jicho. Lenzi inakaa juu ya jicho lenyewe. Kwa namba kubwa kama yake, nafasi ikiondoka na nguvu inabadilika. Saba ya miwani, kwake ni sita na nusu ya lenzi. Lakini hilo ni dogo."

"Kubwa ni lipi?"

"Mbinuko wa jicho, na upana wa lenzi. Karatasi hii haina, maana miwani haigusi jicho. Hizi zilimbana kama kifuniko kidogo juu ya sufuria. Usiku alikuwa anazivua?"

Anyosisye akainama. "Mama alisema zikae."

Ni kweli nilisema.

Kidonda ambacho lenzi ilikifanya kwenye jicho la kulia kilipona, kovu likabaki. Kwa jicho lile sasa anaona weupe tu. Tuliporudi nyumbani nilimkuta anafunga nguo zake kwenye kanga. "Mama, mzee akija upande huu sitamwona. Nitamgonga tena."

Nikaenda kwa mzee, alikuwa ananoa panga.

"Baba Lugano, jicho la mkwe wako nimeliharibu mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Alitaka akukwepe vizuri, nikampa dawa niliyojitungia mwenyewe. Sasa anafunga mzigo arudi kwao, anaogopa kukugonga tena."

Akaliweka panga chini.

"Jicho lipi?"

"La kulia."

"Mwambie afungue huo mzigo. Apite njia yake. Kukwepa nitakwepa mimi."

Tangu hapo mzee anapita njia ya bondeni, ndefu, na goti lake bovu. Wenzake wanamtania, "Nsajigwa, unamkimbia mkwe?" Anawajibu, "Namkimbia, ndiyo." Anarudi na matope mpaka magotini, nami namwekea maji ya moto. Anyosisye sijamwomba radhi bado. Neno ninalo.